Béla Bartók: Bingwa wa Piano Aliyekwenda Kusoma kwa Wakulima

 Mwaka huu mhariri ametutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia. Wenzangu wengi wamewachagua viongozi na wanariadha. Mimi nimemchagua mpiga piano. Najua wengine wenu mtaguna na kuuliza, piano na sisi wapi na wapi? Shuleni kwetu hata piano hatuna. Tuna ngoma mbili, kayamba moja na rekoda za plastiki tunazopokezana watatu watatu. Lakini nawaombeni msifunge ukurasa mapema, kwani mtu huyu ana habari zinazotuhusu.

Jina lake Béla Bartók, mzaliwa wa Hungaria. Aliishi kutoka mwaka 1881 hadi 1945. Ulimwengu unamjua kama mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa karne ya ishirini, lakini mkate wake wa kila siku aliupata kwa kazi nyingine tatu. Alipiga piano mbele ya watu, alifundisha piano chuoni, na alizunguka vijijini akitafiti nyimbo za wakulima. Wahenga walituambia kuwa mshika mawili moja humponyoka. Bwana huyu alishika matatu. Basi na tumfuate hatua kwa hatua, tuone ni lipi lililomponyoka.

Kuzaliwa na utoto

Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo uitwao Nagyszentmiklós. Jina hilo likikukwama kooni usijali, litakushuka tu. Wakati ule mji huo ulikuwa Hungaria. Leo uko Romania na unaitwa Sânnicolau Mare. Tafadhali liweke jambo hilo akilini, maana baadaye litamletea mtu wetu balaa.

Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo na mpenzi mkubwa wa muziki. Mama yake, Paula, alikuwa mwalimu naye alijua kupiga piano. Mtoto alipokuwa mchanga alichanjwa chanjo ya ndui, na baada ya hapo akapatwa na upele mbaya uliomsumbua mpaka alipofika miaka mitano. Kwa sababu ya upele huo alijificha watu wakija nyumbani, na hakucheza na watoto wenzake. Kazi yake ilikuwa kukaa na kusikiliza piano ya mama. Alipokuwa na miaka minne aliweza kudonoa kwa kidole kimoja nyimbo kama 40 alizozisikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na alipofikisha miaka mitano mama alianza kumfundisha rasmi.

Mwaka 1888 baba alifariki. Béla alikuwa na miaka saba, na dadake Elza alikuwa mdogo zaidi. Mama akabaki mjane na watoto wawili. Jamani, wengine wetu tunayajua maisha hayo bila kusimuliwa. Mama huyo alijikaza, akawa anahama mji baada ya mji akifuata kazi ya ualimu. Walikaa Nagyszőlős, ambao leo uko Ukraine, na hatimaye wakatua Pozsony, ambao leo ndio Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Huko Nagyszőlős, tarehe 1 Mei 1892, Béla alipiga piano hadharani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11. Miongoni mwa vipande alivyopiga kimoja alikitunga mwenyewe, nacho kilieleza safari ya mto Danube.

Chuoni Budapest

Bartók alipata nafasi na msaada wa masomo katika chuo cha muziki cha Vienna, mji uliovuma kwa muziki kuliko yote. Yeye akachagua kubaki nchini mwake, na mwaka 1899 akaingia Chuo cha Muziki cha Budapest. Mwalimu wake wa piano alikuwa István Thomán, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Franz Liszt, yule bingwa mkubwa wa piano wa karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Bartók alikuwa mjukuu wa Liszt kwa upande wa ufundi.

Masomo hayakuwa mteremko. Mwaka 1900 aliugua sana mapafu, akakosa masomo kwa miezi kadhaa. Mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utotoni na ulibaki hivyo hadi kaburini. Hata hivyo alihitimu mwaka 1903 akiwa mpiga piano wa kutegemewa. Mwaka huo huo alitunga muziki wa okestra kumhusu Lajos Kossuth, kiongozi wa Wahungaria walipopigania uhuru kutoka kwa Austria mwaka 1848. Vijana wa siku hizo walikuwa na uzalendo unaowaka, na Bartók alikuwa mstari wa mbele.

Mwaka 1905 alikwenda Paris kushindana katika mashindano ya Rubinstein. Alitaka tuzo ya piano na tuzo ya utunzi. Kwa piano alishindwa na Mjerumani Wilhelm Backhaus, na kwa utunzi hakuna aliyepewa tuzo ya kwanza. Alirudi mikono mitupu. Lakini kwisha kwa mashindano si kwisha kwa mchezo, kwani mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusikia sauti iliyombadilisha.

Sauti ya mtumishi

Katika kiangazi cha mwaka 1904 Bartók alikuwa akikaa mashambani, kaskazini mwa Hungaria, akifanya mazoezi ya piano. Katika nyumba ile alikuwamo msichana wa kazi aliyeitwa Lidi Dósa, kutoka eneo la Transylvania. Msichana huyo alikuwa akiimba huku akifanya shughuli zake. Bartók akasimamisha mazoezi yake, akasikiliza, kisha akachukua karatasi na kuanza kuandika zile noti.

Kwa nini alishtuka? Watu wa mjini wakati huo waliamini kwamba muziki wa Kihungaria ni ule uliopigwa na bendi za Waroma katika hoteli na mikahawa. Hata Liszt mwenyewe aliutumia muziki huo alipotaka kutunga vipande vya Kihungaria. Nyimbo alizoimba Lidi hazikufanana na hizo. Zilikuwa za zamani zaidi, na zilitoka kwa watu ambao hakuna profesa aliyewahi kuwauliza lolote. Kumbe hazina ilikuwa jikoni!

Mwaka 1905 Bartók alikutana na Zoltán Kodály, kijana mwenzake aliyekuwa akitafiti nyimbo za vijijini kwa njia ya kitaalamu. Chanda na pete, ndivyo walivyokuwa mpaka mwisho. Mwaka 1906 walichapisha kitabu cha nyimbo 20 za Kihungaria, kila mmoja akipanga 10 pamoja na muziki wa piano wa kuzisindikiza.

Jinsi walivyofanya utafiti

Hapa nawaomba wanafunzi wa muziki na wa historia watege sikio. Bartók alisafiri na mashine iitwayo fonografu, ambayo ilibuniwa na Thomas Edison wa Marekani. Mashine hiyo ilikuwa na pembe kama tarumbeta na silinda ya nta. Mtu aliimba ndani ya pembe, sindano ikachora sauti yake juu ya nta, na baadaye silinda ikizungushwa tena sauti ile ilisikika. Silinda moja ilitosha kwa dakika chache tu. Silinda zenyewe zilikuwa nyepesi kuvunjika, na kila zilipochezwa nta ilizidi kulika. Sasa fikirini kuubeba mzigo huo kwa mkokoteni katika barabara za matope, kijiji hadi kijiji!

Alipofika kijijini aliwatafuta wazee, hasa akina nyanya, kwa kuwa ndio waliokumbuka nyimbo za kale. Lakini nyanya hawaimbi ovyo mbele ya mgeni aliyevaa suti. Mwaka 1907 alimwandikia rafiki yake barua ya kuchekesha akimweleza taabu aliyoipata kwa mama mmoja. Kila alipomwomba wimbo wa zamani, mama alimpa wimbo wa kanisani au wimbo wa mjini unaojulikana na kila mtu, huku watoto wakipiga kelele pembeni. Ilihitaji subira, na subira huvuta heri.

Kila wimbo aliandika umetoka kijiji gani, umeimbwa na nani, mwimbaji ana umri gani na ni tarehe ngapi. Kisha akirudi mjini aliicheza silinda tena na tena, akiandika kila mkunjo wa sauti. Baadaye, masikio yake yalipozidi kunoleka, alirudia silinda zile zile za miaka ya nyuma na kusahihisha aliyoyaandika.

Katika safari ya mwaka 1907 huko Transylvania aligundua kwamba nyimbo kongwe za Wahungaria zilijengwa kwa noti tano tu. Mwalimu wetu wa muziki alipotueleza hayo alituimbia pia nyimbo mbili za jadi za hapa Kenya zenye noti tano, moja ya nyanda za juu na moja ya ziwani. Darasa zima lilinyamaza kimya likihesabu kwa vidole.

Mwalimu Bartók

Mwaka huo huo wa 1907, kabla hajafikisha hata miaka 30, Bartók aliteuliwa profesa wa piano katika chuo alichosomea, akachukua nafasi ya mwalimu wake Thomán. Alifundisha huko hadi mwaka 1934, yaani miaka 27. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Fritz Reiner, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra, na wapiga piano Lili Kraus na György Sándor.

Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Mwanafunzi akikosea, Bartók alikaa kwenye piano na kukipiga kipande kile mwenyewe, tena na tena, mpaka mwanafunzi alisikie kosa lake. Mapigo ya muziki aliyataka yawe sahihi bila mchezo. Aidha alitayarisha upya vitabu vya Bach na Beethoven ili wanafunzi wapate maelezo ya jinsi ya kupiga. Jambo moja alilikataa maisha yake yote, nalo ni kufundisha utunzi. Aliona kwamba kufundisha utunzi kungeharibu utunzi wake mwenyewe.

Hakuwasahau wanaoanza. Kati ya mwaka 1908 na 1910 alitunga mkusanyiko uitwao Kwa Watoto, vipande vifupi vya piano vilivyojengwa juu ya nyimbo za wakulima wa Hungaria na Slovakia. Baadaye akatunga Mikrokosmos, vipande 153 katika vitabu sita, kazi iliyomchukua kutoka mwaka 1926 hadi 1939. Kipande cha kwanza kinaweza kupigwa na mtoto aliyekaa kwenye piano kwa mara ya kwanza, mikono yote miwili ikifuata wimbo mmoja. Vya mwisho vinawatoa jasho mabingwa. Vitabu viwili vya kwanza alimtolea mwanawe mdogo, Péter. Sasa tazameni: wimbo aliousikia kwa nyanya kijijini ukawa somo la mtoto mjini. Utafiti uliulisha ualimu.

Nyimbo za majirani

Bartók hakuishia kwa Wahungaria. Alikusanya nyimbo za Waslovakia, kisha akajifunza Kiromania na kukusanya nyimbo za Waromania zaidi ya 3,000. Mwezi wa Juni mwaka 1913 alivuka bahari akaja huku barani kwetu, akafika Biskra nchini Aljeria, ukingoni mwa Sahara. Pamoja na mkewe Márta alirekodi nyimbo za Waarabu wa vijiji vya huko mpaka joto likamshinda, akaugua na kulazimika kurudi kabla ya wakati. Alitaka kurudi tena. Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka na mipango ikafa. Mwaka 1932 alialikwa Cairo, Misri, kwenye mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na mwaka 1936 alikwenda Uturuki, akirekodi nyimbo karibu na Adana pamoja na mtunzi Ahmed Adnan Saygun. Huko alifurahi kukuta nyimbo zinazofanana na zile kongwe za Hungaria.

Sasa ule mji wa kuzaliwa niliowaambia mwukumbuke. Hungaria ilikuwa upande ulioshindwa vitani. Kwa mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ilipoteza karibu theluthi mbili za ardhi yake, na sehemu kubwa ikaenda Romania, ukiwamo mji aliozaliwa Bartók na vijiji vya Transylvania alikokusanya nyimbo. Watu walikuwa na uchungu. Mwaka huo huo makala yake kuhusu nyimbo za Waromania ilifufuliwa, na magazetini akashutumiwa kwamba si mzalendo, kwamba anawatukuza maadui wa taifa. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa Kossuth!

Bartók alijibu kwa utulivu kwamba ni kazi ya kitaalamu, na kwamba ukweli wa nyimbo haubadiliki kwa sababu ya mipaka. Hakuacha. Kwa upande wa pili, wako Waromania waliomlaumu kwa kusema kwamba nyimbo zao nyingine zilipokea kitu kutoka kwa Wahungaria. Akawa kama ngoma, inapigwa pande zote mbili. Baadaye, mwaka 1942, aliandika kwamba muziki wa wakulima haukunawiri kwa kujitenga, bali kwa kukopeshana. Wimbo huvuka mpaka, hubadilika kwa jirani, kisha hurudi nyumbani ukiwa na sura mpya. Aliyaandika hayo wakati ambapo Wanazi walikuwa wakiua watu kwa mamilioni kwa kisingizio cha usafi wa damu.

Jukwaani

Msije mkadhani kwamba kwa kufuata nyanya alisahau piano. Alizunguka Ulaya nzima akipiga. Konserto yake ya kwanza ya piano aliipiga mwenyewe mjini Frankfurt mwaka 1927, na ya pili mjini humo humo mwaka 1933. Kati ya mwaka 1927 na 1928 alizuru Marekani, na mwaka 1929 Urusi ya Kisovieti. Mke wake wa pili, Ditta Pásztory, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alipiga piano pamoja naye. Mwezi wa Januari 1938, mjini Basel, Uswisi, wawili hao walionyesha kwa mara ya kwanza muziki wake wa piano mbili na ala za kugonga.

Wengi hawakuupenda muziki wake mara moja. Opera yake pekee, aliyoitunga mwaka 1911, ilikataliwa kwenye mashindano, ikakaa hadi mwaka 1918 ndipo ikachezwa. Piano aliipiga wakati mwingine kama ngoma, vidole vikigonga mapigo ya dansi za vijijini. Waliozoea sauti laini za ukumbini walikunja nyuso. Lakini aliyejua nyimbo za wakulima alisikia wazi mapigo hayo yametoka wapi.

Msimamo wake

Mwaka 1933 Hitler alitwaa madaraka Ujerumani, na tangu hapo Bartók hakupiga tena piano nchini humo. Alikosa mapato, akakubali. Mwaka 1934 aliacha kufundisha chuoni, akahamia Chuo cha Sayansi cha Hungaria kupanga maelfu ya nyimbo zilizokusanywa. Mwaka 1938 Ujerumani ilipoimeza Austria, alitumiwa fomu ya kumuuliza kama damu yake si ya Kiyahudi. Yeye hakuwa Myahudi na angeweza kuijaza kwa dakika moja bila hasara. Alikataa kuijaza, kisha akahamishia kazi zake London. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko konserto zake zote. Kukataa kisichokuumiza wewe, kwa kuwa kinamwumiza mwenzako, ni vigumu.

Aliendelea kukaa Hungaria kwa ajili ya mama yake mzee. Mama Paula alifariki mwezi wa Desemba 1939. Mwezi wa Oktoba 1940 Bartók na Ditta walipiga piano mjini Budapest kwa mara ya mwisho, kisha wakaondoka. Katika wosia alioandika kabla ya safari aliagiza kwamba, maadamu mjini Budapest kuna viwanja vyenye majina ya Hitler na Mussolini, barabara yoyote nchini isiitwe kwa jina lake.

Ugenini

Walifika New York mwishoni mwa Oktoba 1940 na mizigo yao ilichelewa kwa miezi. Chuo Kikuu cha Columbia kilimtunukia shahada ya heshima na kumpa kazi ya kuandika noti za nyimbo za Yugoslavia zilizorekodiwa na Milman Parry. Aliipenda kazi hiyo, lakini ilikuwa ya muda. Nafasi za kupiga piano zilikuwa chache. Mwezi wa Januari 1943 alipiga hadharani kwa mara ya mwisho, akiwa na Ditta, na aliyeongoza okestra siku hiyo alikuwa yule mwanafunzi wake wa zamani, Fritz Reiner. Mwema hana mwisho mbaya, walinena wazee.

Mwaka huo huo alizidiwa. Alikonda akabaki na kilo zisizozidi 40 hivi. Chama cha watunzi cha Marekani kililipa gharama za matibabu. Bartók alikuwa mtu asiyetaka sadaka, hivyo marafiki zake Reiner na Joseph Szigeti walipanga kimyakimya apewe kazi badala ya msaada. Sergey Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alimwendea hospitalini akamwagiza muziki kwa dola 1,000. Mgonjwa akapata nguvu. Kwa miezi miwili tu, kati ya Agosti na Oktoba 1943, aliandika Konserto ya Okestra, ambayo ilipigwa Boston mwezi wa Desemba 1944 na kupokelewa kwa shangwe. Mpaka leo ndiyo kazi yake inayopendwa zaidi.

Alikuwa na saratani ya damu. Siku zake za mwisho aliandika konserto ya tatu ya piano ili Ditta aipige na apate chochote cha kumwauni akibaki mjane. Bila shaka alimkumbuka mama yake. Alifariki New York tarehe 26 Septemba 1945, akiwa na miaka 64. Zilikuwa zimebaki hatua 17 za muziki huo kupangiwa ala, na rafiki yake Tibor Serly akazimalizia. Mwaka 1988 mwili wake ulirudishwa Budapest ukazikwa kwa heshima za taifa. Vile viwanja vya Hitler na Mussolini vilikuwa vimebadilishwa majina zamani.

Sisi je?

Sasa turudi kwa ile methali. Ni lipi lililomponyoka? Afya ilimponyoka, fedha zilimponyoka, na nchi yake ikamponyoka. Lakini zile kazi tatu hazikuponyoka hata moja, kwa kuwa kwake zilikuwa kamba moja ya nyuzi tatu. Alichosikia kijijini alikitia kwenye utunzi, alichotunga alikipiga jukwaani, na alichopiga alimfundisha mtoto.

Nimeandika habari hizi kwa sababu moja. Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Wenzetu wa mabweni hutudharau kidogo, si siri. Husema sisi hatuna maktaba kubwa, hatuna basi, jioni twatawanyika kwa miguu kama kondoo. Lakini jioni hiyo tukitawanyika tunakwenda wapi? Tunakwenda nyumbani waliko wazee! Yule wa bweni humwona nyanyake mara tatu kwa mwaka. Mimi wangu namwona kila siku. Ana miaka 81, na anajua nyimbo za kupalilia, za kupura wimbi na za kumsindikiza bi harusi. Shangazi zangu hawazijui, wala mimi sikuzijua. Kuanzia likizo ya Aprili nimeandika maneno ya nyimbo 11 katika daftari, na kila moja nimetia jina la mwimbaji, umri wake, kijiji na tarehe, kama alivyofanya Bartók. Sauti nilizirekodi kwa simu ya kaka. Hakuna silinda ya nta wala mkokoteni.

Nne kati ya nyimbo hizo si za kabila letu. Ni za mama mmoja jirani aliyehamia hapa zamani kutoka mbali. Mtu mmoja wa nyumbani aliniuliza nina haja gani na nyimbo za watu wale, mbona zetu hazijaisha? Sikubishana naye, maana ni mkubwa wangu. Nilimpa habari za Bartók na wale Waromania. Akatikisa kichwa, lakini jioni iliyofuata mama yule alipokuwa akiimba uani kwetu, nilimwona ameketi anasikiliza.

Ninapendekeza kwa chama chetu kwamba muhula ujao kila mwanachama alete wimbo mmoja kutoka kwao na mmoja kutoka kwa jirani. Tukiwa wanachama 30, tutakuwa na nyimbo 60 kabla ya kufunga shule. Walimu wetu watatusaidia kusahihisha maneno. Tusingoje mpaka mzee afariki ndipo tuseme alikuwa anajua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ukianguka hakuna fundi wa kuujenga tena.

Kalamu naiweka chini hapa. Tukutane chamani Jumatano, na ukija, njoo na daftari.